Zamu ya Mutahar

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, muadhini bado hajamaliza kuita Magharibi, ndipo gemu lililokuwa likijifunga kila lilipowashwa lilipokubali kufunguka.

Jambo la kwanza halikuwa la kutisha. Ilikuwa harufu tu. Muqbil alikuwa ameinama mbele ya kompyuta katika chumba cha marehemu mdogo wake, theluji ikianguka dirishani juu ya vichochoro vya mji wa Dearborn, na feni ya mashine ikampumulia usoni joto lenye harufu ya kafuri. Akanusa viganja vyake. Yeye ndiye aliyemwosha Mutahar, kwa maji ya mkunazi na kafuri, lakini hayo yalikuwa ya mwaka uliopita, na tangu siku ile mikono yake ilikuwa imeshika mengi. Viganja vilinuka sabuni.

Mutahar alikufa kwa figo. Alikuwa akienda kituo cha kusafishia damu na kurudi na uso wa rangi ya jivu, na katika mwaka wake wa mwisho hakuomba mengi. Aliomba gemu. Lilikuwa gemu la ngome na misafara ambalo yeye na Muqbil walilicheza utotoni kwa zamu, kompyuta moja, kiti kimoja. Mmoja anasogeza watu wake, anamwandikia mwenzake kejeli katika kisanduku kidogo cha maneno, kisha anampisha akae. Kulikuwa na mchezo mmoja ambao hawakuumaliza. Waliuhifadhi kwenye diski, na maisha yakaingia katikati.

"Diski zipo kwenye lile boksi la kuhamia, kule chini," Mutahar alisema siku moja akiwa amelala. "Niwekee kwenye hii kompyuta mpya, bwana. Nikuchape kabla sijafa."

"Kwa mikono hiyo? Hata kijiko kinakushinda."

"Basi unaogopa nini? Weka."

Muqbil alisema kesho, inshallah. Alifanya kazi kituo cha mafuta, kutwa nzima amesimama nyuma ya kioo cha kuzuia risasi, na alirudi nyumbani miguu imevimba. Kesho ikazaa kesho nyingine. Rafiki yake Anis, muuza simu, aliwahi kumwambia kwamba magemu ya namna ile hayapatani na mfumo mpya wa kompyuta, huwa yanajifunga. Kwa hiyo Mutahar alipouliza tena, Muqbil alijibu huku anavua viatu, bila kumtazama, "Nimejaribu, mdogo wangu. Linajifunga. Halitaki."

Mutahar alijivutia blanketi. "Haya," alisema. "Pole na kazi."

Hakuwa amejaribu. Boksi hakuligusa. Na kabla wiki haijaisha, Mutahar alikuwa chini ya udongo.

Baada ya matanga Muqbil alishuka chini, akakata mkanda wa boksi kwa kisu cha jikoni, akaweka diski. Gemu likafunguka, likapiga muziki wake kwa pumzi moja, likajifunga. Akajaribu tena. Likajifunga. Ule uongo wake ulikuwa umesubiri kaburi lifukiwe ndipo ugeuke kweli. Akampigia Anis.

"Unahangaika nini na takataka hiyo?" Anis alicheka. "Njoo dukani nikupe jipya."

"Nataka lile."

Anis akaelewa, na sauti yake ikashuka. "Sawa. Sikiliza. Magemu ya zamani yalizoea nyumba isiyo na milango, yaliingia popote. Mfumo mpya umeweka mlinzi kila mlango, na mlinzi akisema simama, gemu linaanguka palepale. Kwanza iambie kompyuta ijifanye ya zamani. Ikikataa, zima ulinzi. Ikikataa tena, lipe gemu mamlaka yote, kama mwenye nyumba. Lakini ukimaliza rudisha kila kitu. Usiache wazi."

"Siku hizi umekuwa imamu?"

"Imamu anakuombea bure. Mimi utaninunulia chakula."

Njia ya kwanza ilishindikana, na ya pili. Jumamosi ile, adhana ikilia, Muqbil alifanya ya tatu, na kompyuta ikauliza kwa maandishi, kama inavyouliza siku zote: Unairuhusu programu hii, ambayo mtengenezaji wake hajulikani, ibadilishe mambo katika mashine yako?

Muqbil alikuwa mtu wa kutaja jina la Mungu. Hakuwasha gari bila Bismillahi, hakufungua friji bila Bismillahi. Lakini hapa aliona haya. Alikuwa ameacha swala ikipita kwa ajili ya mchezo wa watoto, na akaona ni ufedhuli kulitaja jina lile tukufu juu ya jambo kama hilo. Akalimeza. Akabonyeza Ndiyo.

Harufu ikaja. Gemu likafunguka, na ngome zao zikatokea vilevile kama walivyoziacha. Chini paliandikwa: Zamu ya Muqbil. Akasogeza watu wake huku machozi yanamdondoka. Akamaliza. Maandishi yakageuka: Zamu ya Mutahar.

Hakujua afanye nini na zamu ile. Akainuka kwenda jikoni kuchukua chai ya iliki aliyokuwa amewekewa na mama yake, na aliporudi kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu anavyofanya anapompisha mwenzake. Zamu ya Mutahar ilikuwa imechezwa. Katika kisanduku cha maneno mlikuwa na neno moja.

Umechelewa.

Hakumwambia mtu. Jioni ya pili alikaa tena, akasogeza watu wake, akageuka kutazama ukuta, akasikia nyuma yake kipanya kikibonyezwa taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Alipogeuka alisoma: Uliniambia umejaribu.

Muqbil alivuta kibodi. Akaandika: Nisamehe.

Jibu lilikuja mbele ya macho yake, herufi moja baada ya nyingine. Ile aya mlangoni. Iondoe. Inaniumiza macho.

Juu ya mlango wa mbele mama yao, Bi Taqiyya, alikuwa ametundika Ayatul Kursi, iliyotariziwa na mama yake mzazi kule Ibb walikotoka, na ilikuwa imewalinda katika kila nyumba waliyohamia. Muqbil aliitungua akaitia chini ya kitanda chake. Mama alipouliza, alisema msumari umelegea. Aliporudi kwenye mashine alikuta: Nimekusamehe kidogo.

Na moyo wake, baada ya majuma ya kubanwa, ulilegea kidogo. Hilo ndilo lililomteka. Alilala usingizi wa kwanza wa kushiba tangu mazishi.

Jioni zilizofuata msamaha ule ulikuja kwa vipande. Usiende msikitini Magharibi, ndiyo saa yangu. Akaacha kwenda. Kidogo tena. Usinisomee Yasini, inaniunguza. Akaacha. Kidogo tena. Nyumba nayo ikabadilika. Chungu cha nyama kilichozoea kuwalisha siku mbili kilikauka kwa mlo mmoja, sabaya, mkate wa tabaka wa mama yake, ulilala mzima na kuamka una ukungu, na ngazi za kushukia chini zililia hatua moja moja hali wote wawili wamekaa mezani.

"Muqbil," mama yake alimwambia kwa sauti ya chini, kijiko kimesimama mkononi. "Nani ameoshwa humu ndani?"

"Unasemaje, Mama?"

"Nanusa maiti, mwanangu. Na jana nilisikia nikiitwa chumbani kwa mdogo wako. Yumma, Yumma, hivyohivyo alivyokuwa akiniita mimi mama yake. Nusura niitike."

"Ni uchungu tu, Mama. Unamkumbuka."

"Namkumbuka, ndiyo. Sijawa mjinga." Akamtazama. "Na wewe umekonda. Tangu lini hutoki kwenda kuswali Magharibi?"

Muqbil alisogeza sahani yake akainuka.

Jioni hiyohiyo kisanduku kiliandika: Mlete Mama. Akae hapa. Nikimwita, aitike. Nitakusamehe yote.

Muqbil alisoma yale maneno mara nyingi, akajua ndani ya mbavu zake kwamba hayakuwa mema, maana watu wazima wote aliowajua walimkataza tangu utotoni kuitikia sauti ya mtu asiyemwona wakati wa jua kuzama. Lakini neno lile, yote, lilikaa mbele yake kama maji mbele ya aliyefunga saumu, naye akaenda sebuleni akamshika mama yake mkono, akamwambia njoo uone kitu, na Bi Taqiyya akainuka pole pole, akajitanda vizuri, akamfuata.

Akamkalisha kwenye kiti. Nje taa za mitaani zilikuwa zinawaka. Feni ilivuma, ikapunguza, ikavuma, hadi ikawa si mvumo tena bali pumzi, pumzi fupi ya mgonjwa aliyelala chali, na ndani ya pumzi ile kikaja kikohozi walichokijua wote wawili, na kafuri ikawa nzito hadi macho yakawawasha, na kutoka katika mashine, au chini ya kitanda, au nyuma ya shingo zao, sauti ikanong'ona, "Yumma."

Bi Taqiyya aliziba mdomo wake kwa ncha ya mtandio. Hakuitika. Alimgeukia Muqbil.

"Huyu anataka nini?"

"Anataka umwitikie, Mama. Ukimwitikia atanisamehe."

"Akusamehe nini?"

Ndipo Muqbil akapiga magoti kwenye zulia na kusema kile ambacho hakuwahi kumwambia mwanadamu, kwamba mdogo wake aliomba kitu kidogo, akamwambia amejaribu hali hakujaribu, na mdogo wake akafa akiuamini uongo wake.

Mama aliinama kitini. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Hakuuamini," alisema. "Siku ileile aliniomba nimpandishie lile boksi, akataka kuzishika diski zake. Nikampandishia. Mkanda tuliofungia tulipohama bado upo, haujaguswa. Akautazama akacheka mpaka akakohoa. Yumma, akasema, kaka yangu hajui hata kudanganya. Mwache, amesimama kutwa nzima. Mimi nimemsamehe, usimwambie nimejua, ataona haya. Kisha akaniambia nilirudishe chini."

Muqbil aliinua uso. Pumzi katika mashine ilikuwa imesimama.

"Mutahar wangu alikusamehe akiwa hai," alisema Bi Taqiyya. "Sasa huyu anayekuuzia msamaha kipande kipande ni nani?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na pale mlangoni alikuwa amesimama Sheikh Fadl, fundi wa matairi ambaye watu wa mtaa walimwita wanapofikwa na mambo haya, bado amevaa nguo zake za kazi. Bi Taqiyya alimpigia simu mchana, bila kumwambia mtu.

"Ni karini," alisema taratibu. "Jini aliyezaliwa pamoja na Mutahar akatembea naye maisha yote. Kikohozi chake anakijua, na siri zake. Hata hilo la boksi alilijua, akakuficha. Mdogo wako yuko kwa Mola wake, hachezi gemu. Aliyemfungulia huyu ni wewe, Muqbil. Mimi nitasoma. Wa kufunga ni wewe."

Akaanza kusoma, na Muqbil akanyoosha mkono kwenye kipanya, na mkono ukawa mzito kama umelaliwa, na mbele yake kisanduku kikaanza kujaza maandishi kwa kasi ambayo hakuna vidole vya mtu vingeiweza, Nimekusamehe yote, kaka, Nimekusamehe yote, usifunge, huko ni baridi, usifunge, na kila neno lilikuwa lile alilolitamani tangu siku ya kaburi, limeandikwa kwa jina la mdogo wake, na alijua kwamba akilifunga hatalisoma tena mpaka Siku ya Kiyama.

"Bismillahi," alisema Muqbil. Sauti ilitoka kama ya mzee. Akaifuta ruhusa, akalifunga gemu, akachomoa waya ukutani.

Skrini ilizimika. Feni iliendelea kuzunguka, bila umeme, mpaka Sheikh Fadl alipofika mwisho wa aya.

Walivunja diski, wakazika vipande mbali na nyumba. Ayatul Kursi ikarudi mahali pake. Chungu kikaanza tena kulisha siku mbili. Anis alipouliza kama gemu lilikubali, Muqbil alimwambia, "Halikukubali," kisha akajirudi, akamweleza yote, kwa kuwa hakutaka tena uongo hata mdogo.

Lakini zipo jioni, hasa theluji inapoanguka, ambapo saa ya Magharibi inapoingia harufu ya kafuri hupanda ngazi kutoka chini, na mtu hukohoa nje ya mlango, upande ule ambao aya haiutazami, na kuuliza kwa upole kama ni zamu yake. Muqbil haitiki. Huvaa koti, humshika mama yake mkono kwenye barafu mpaka msikitini, na baada ya swala huinua viganja vyake na kumwombea yule asiyegonga mlango wowote:

Ewe Mola wetu, msamehe Mutahar mwana wa Taqiyya, kama alivyosamehe bila kuombwa. Mpanulie kaburi lake, litie nuru, usimwache peke yake humo. Utukutanishe naye tukiwa na nyuso nyeupe. Amina.