Kiwimbo cha Mama Kwenye Gitaa la Mwalimu

Jua lilikuwa linazama Alhamisi ile mwanamke mmoja, fundi cherehani, alipofunga duka, akatia gitaa begani, akashika njia ya kwenda kwenye somo lake la sita la jazi. Lakini hakwenda kujifunza. Alikwenda kugombana, tena kugombana haswa!

Mama yake alikufa bila kuacha hata picha. Kilichobaki ni kiwimbo kisicho na maneno, alichokuwa akikiimbia puani akipiga pasi. Sasa, Alhamisi iliyopita mwalimu alimwambia, "Jazi si kukariri. Mimi nauliza kwa nyuzi, wewe nijibu hapo hapo. Toa kitu chako, cha kwako kabisa. Ila ukishakipiga, usikirudie."

Naye, kwa kutaka sifa tu, akatoa kiwimbo cha mama. Kufika nyumbani hakikumbuki. Wiki nzima anakitafuta kichwani... patupu.

Alisukuma mlango wa chumba cha juu cha mwalimu bila kubisha. Harufu ya utambi uliozimwa ikampiga usoni. Mwalimu alikuwa amekaa gizani, na gitaa lake lilikuwa linaimba...

Kiwimbo cha mama.

Mikono ya mwalimu ilikuwa imetulia magotini. Nyuzi zilikuwa zinatikisika zenyewe.

Mtu mwingine angetimua mbio. Huyu alikuwa amefura, woga ungekaa wapi?

"Mwizi mkubwa we! Nirudishie!"

"Ulinipa mwenyewe," mwalimu akanong'ona. "Nipe jibu jingine, kubwa kuliko hili. Nitakuachia hili."

"Jibu? Utalipata leo!"

Akalichomoa gitaa lake, akalipiga. Alilipiga! Hakuwaza noti wala vidole vikae wapi. Alipiga wiki yake yote ya kulia chooni, akapiga na matusi ya wateja aliyoyameza miaka kumi. Uzi ukakatika, ukamchana kidole. Akaendelea. Hajawahi kupiga vizuri vile maishani mwake. Ulipokatika uzi wa pili akaacha, anahema.

Kiwimbo kikamrudia kichwani, chote.

Mwalimu alikuwa anatabasamu. "Safi sana. Hiyo sasa ndiyo jazi."

Fundi alirudi nyumbani akikiimba njia nzima, moyo mwepesi ajabu. Akamfundisha binti yake wa miaka saba, mtoto akakishika mara moja.

Alhamisi iliyofuata, jua likizama, mlango ukagongwa. Ile harufu ya utambi ikatangulia kuingia.

"Nimemfuata mtoto," mwalimu akasema kwa upole. "Nasikia ana sikio zuri."

Fundi alijua anapaswa kumfukuza. Alijua kabisa. Akaitafuta ile hasira yake kifuani, akaitafuta kila mahali, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni...

Haikuwepo.

"Mama, sitaki," binti akanong'ona, amemng'ang'ania gauni. "Mfokee, mama. Mfokee!"

"Vaa viatu, mwanangu," fundi akasema, akampisha mwalimu mlangoni.