Upande wa Ndani wa Tairi

Muuguzi alilala mtaroni kifudifudi, amefunikwa shuka yenye muhuri wa hospitali. Miguu ilikuwa nje, kwa sababu shuka za hospitali ile hazijawahi kumtosha mtu. Mkononi bado alikuwa ameshika chupa ya dripu. Haikuvunjika. Iliyovunjika ni shingo yake.

Inspekta alichuchumaa, akafunua, akafunika. Saa nane na nusu mchana, mvua ya rasharasha. Hatua nne kutoka pale, gari la wagonjwa lilikuwa limeegemea nguzo, pua imebonyea, gurudumu la nyuma la kushoto kwenye majani ya mtaro. Lilikuwa likienda kumchukua mgonjwa, na lilipogonga muuguzi alirushwa nje. Mgonjwa bado anasubiri.

"Dereva mlevi! Andika hivyo, afande."

Aliyesema hivyo alikuwa Mkuu wa Usafiri wa hospitali. Alisimama kwenye lami, chini ya mwavuli alioshikiwa na mlinzi. Mlinzi ndiye aliyelowa.

"Umemnusa?" aliuliza Inspekta.

"Nawajua hawa watu."

Dereva alikaa chini, pingu mikononi, damu ikimchuruzika kwenye nyusi. Kipimo cha pombe kilisoma sifuri.

"Basi mwendo kasi," alisema Mkuu, hata kope haikumcheza. "Au usingizi. Kosa halikosekani."

Inspekta alimgeukia dereva. "Ulikuwa mwendo gani?"

"Arobaini, afande. Nimegusa breki kwenye kona, makalio ya gari yakataka kunipita. Gari lile lina miezi mitatu linatembea upandeupande kama kaa."

"Ulimwambia nani?"

"Bosi. Akasema dereva anayejua kazi halalamiki." Alijifuta damu kwa bega. "Afande, mke wangu anajifungua mwezi huu. Mtoto wangu atanijulia gerezani?"

Inspekta aliita gari la kuvuta la polisi, akaambiwa limekwenda kubeba viti vya harusi ya binti wa mkubwa. Kwa hiyo kielelezo cha kesi kilivutwa na lori la hospitali, kikaenda kulala kwenye yadi ya hospitali, mikononi mwa walewale wa Usafiri. Ndivyo nchi inavyoendeshwa na watu wenye ofisi zenye mapazia.

Jioni mkuu wa kituo cha polisi alimpigia simu. "Faili lifungwe. Kesho saa nne dereva asomewe mashtaka ya kusababisha kifo."

"Sijalikagua gari, mkuu."

"Gari litatoa maelezo gani? Funga!"

Mke wa Inspekta alikufa miaka sita nyuma, akisubiri gari la wagonjwa ambalo siku hiyo lilikuwa limempeleka kigogo kunyolewa. Na wakati ule pia faili lilifungwa mapema.

Saa moja asubuhi Inspekta alikuwa yadi na konstebo mmoja. Fundi wa hospitali, mzee wa ovaroli waliyemwita Spana, alimwamkia bila kumtazama usoni. Inspekta alivua koti, akalala chali kwenye saruji yenye oili, akaingia chini ya gari. Alipapasa gurudumu la nyuma la kushoto upande wa ndani, ule ambao hauonekani mpaka mtu akubali kuchafuka. Meno ya tairi yalikuwa kamili, nje na ndani sawasawa.

"Mzee Spana, lete uzi."

Waliuvuta uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ukingo wa mbele wa tairi la nyuma uligusa uzi. Ukingo wa nyuma ukaacha nafasi ya vidole viwili.

"Soma, mzee."

"Gurudumu limetazama nje, afande. Ekseli imepinda."

"Na tairi likitembea hivyo miezi mitatu?"

"Linalika ndani. Kwa nje utaliona zima, kwa ndani kipara."

"Hili halijalika."

Spana alikuna kidevu, akatazama mbingu, akatazama viatu vyake.

Ndipo Mkuu wa Usafiri alipoingia yadi, shati jeupe limenyooshwa, kikombe cha chai mkononi. "Afande! Bado tu? Ekseli imepinda jana kwenye ajali. Hilo nalo linataka shule?"

"Na tairi?"

"Tairi zima, unaliona. Gari halina kosa. Kosa la dereva."

Inspekta alijipangusa mikono taratibu. Kando ya ukuta lilisimama gari la kazi la Mkuu, aina ileile ya gari la wagonjwa, rimu zilezile, nati tano tano. Aliliendea.

"Hilo ni langu!" alisema Mkuu. Chai ilimwagika kwenye kidole.

"Najua. Konstebo, jeki."

Gari liliinuliwa. Kwa nje, tairi la nyuma la kushoto lilikuwa na meno ya kupendeza. Inspekta alipitisha kiganja upande wa ndani, kikatoka na damu. Mpira ulikuwa umekwisha, nyaya zimechomoza kama mswaki uliochakaa. Kati ya rimu na tairi kulikuwa na majani ya mtaroni, bado mabichi.

"Uzi tena, mzee."

Uzi uligusa mbele, ukagusa nyuma. Ekseli ilinyooka kabisa.

"Gari lililonyooka lina tairi lililolika upande," alisema Inspekta. "Gari lililopinda lina tairi zima. Yamebadilishana viatu. Lini, bosi?"

"Mimi sishiki spana. Muulize fundi."

Spana alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Mie? Jana saa kumi na mbili uliniambia niende nyumbani! Na nani anakaza nati hovyo hivi? Mbili zimeingia upande!" Alimgeukia Inspekta. "Afande, nilitaka nistaafu salama. Nimebakiza miezi minne. Lakini yule binti muuguzi alikuwa ananisalimia kila asubuhi."

"Sema basi."

"Ekseli ile iliyopinda ilikuwa ya gari lake. Alitumbukia kwenye kalvati, Jumapili moja miezi mitatu iliyopita, safari zake mwenyewe. Akaniamuru nibadilishe. Ile nzima nikaitoa kwenye gari la wagonjwa."

Mkuu alitafuta pa kuweka kikombe, hakupapata.

"Ningelitupa leo hilo tairi bovu," alisema. "Maduka ya matairi yalikuwa yamefungwa jana."

"Sikuulizi tairi. Nauliza ekseli. Kwa nini gari la wagonjwa?"

"Wewe hujui adha ya kukaa kwenye gari linaloyumba, afande. Mgongo ulikuwa unaniua. Siku nzima nimeketi." Alisema kwa uchungu wa kweli, kama anayedai haki yake. "Wagonjwa wao wanalala tu. Hawasikii kitu."

Konstebo aliacha kuandika. Hata yeye, mwenye mwaka mmoja kazini, alimwangalia mtu yule kama unavyoangalia kitu ulichokanyaga.

"Andika," alisema Inspekta. "Neno kwa neno. Usimpunguzie."

Pingu zilitolewa kwa dereva saa tatu na robo, zikaja yadi zikiwa bado na joto la mikono yake. Mkuu aliomba apelekwe na gari lake.

"Hilo ni kielelezo," alisema Inspekta, akimwonyesha njia. "Utakwenda kwa miguu. Mgongo utanyooka."