Nani Aliisimamisha Nguzo ya Kishanda

Mwalimu Klaudia Kokubanza alikutwa kifudifudi chini ya Nguzo, mkono mmoja umegusa jiwe la chini kabisa. Damu ilikuwa imeganda kisogoni. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka kilimani, na kitenge chake kilikuwa kimelowa umande.

Waliomkuta ni akina mama wawili waliopanda saa tatu asubuhi kukata nyasi za kutandika nyumbani. Mmoja alipiga yowe, "Yee mawe!" na mwingine akakimbia kumwita mwenyekiti wa kijiji. Hakuna aliyemgusa maiti. Kishanda nzima inajua kwamba Nguzo haipendi kuchezewa.

Inspekta Farida Burhani alifika kutoka Muleba saa nne na nusu. Alikuwa mzaliwa wa Bukoba mjini, bibi yake mtu wa pwani, na Kihaya alikisikia kuliko alivyokisema. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi asubuhi, hasa maneno ya mizimu.

"Nani alikuwa wa kwanza kusema Nguzo imemuua?" aliuliza.

"Wote, afande," alijibu Sajenti Mwijage, msaidizi wake, mtoto wa kijiji cha jirani.

"Basi iwekeni pingu twende nayo."

Mwijage hakucheka. Alikuwa anaitazama ile Nguzo: mawe meusi yaliyopangwa bila udongo, kimo cha watu watatu waliobebana mabegani. Watu husema mvua ikinyesha huguna. Ukisimama karibu nayo unajikuta unashusha sauti bila kuambiwa, na Farida mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, alijikuta ameshusha.

Daktari alichuchumaa, akapima, akaandika. "Amekufa jana jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Pigo moja. Kitu kizito, cha duara, cha chuma. Kuna chembe za kutu ndani ya jeraha."

"Mkoba wake?"

"Huu hapa. Simu ipo. Miwani ipo."

Farida aliufungua. Ndani kulikuwa na rozari, kalamu tatu na jalada la plastiki lililoandikwa kwa mkono: NGUZO, USHAHIDI. Jalada lilikuwa tupu.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemweleza. Mwalimu Klaudia alifundisha historia miaka thelathini na tano, na tangu astaafu alikuwa na kazi moja tu, kutafuta ukweli wa Nguzo. Koo mbili ziliigombania. Ukoo wa Mzee Kahigi, watunzaji wake, ulisema iliinuliwa zamani za kale na babu yao mhunzi, usiku mmoja, yeye na wanawe. Ukoo wa Rugambwa, ng'ambo ya bonde, ulisema uongo mtupu, mawe yale yalibebwa na watu wao. Jumamosi wangekuja wataalamu wa mambo ya kale kuweka kibao, na jina litakaloandikwa lingetoka kwa Mwalimu Klaudia.

"Leo Alhamisi," alisema Farida. "Jina lenyewe alishalitaja?"

"Hapana. Ila Jumapili baada ya misa Rugambwa alimwambia mbele ya watu, 'Ukiandika jina la Kahigi, utaliandikia kaburini.'"

"Na Rugambwa yuko wapi?"

Mwenyekiti alikohoa. "Hayupo, afande. Hata mkewe hajui."

Rugambwa alikamatwa saa nane mchana katika stendi ya Muleba, ndani ya basi la Biharamulo, kofia imefunika macho. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lisilofunguka.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nakunywa rubisi yangu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ulimtishia mwalimu."

"Nilimtishia. Mdomo wangu mbaya, hata mama yangu anajua. Lakini kuua? Mwalimu alinifundisha kusoma!"

"Kwa nini ulikimbia?"

"Afande, wewe ungebaki? Nilisikia mwano, lile yowe la hatari, unapigwa, nikaambiwa ni mwalimu. Kabla sijavaa viatu nikasikia jina langu." Alifuta jasho. "Nimemwacha mama yangu na mke wangu. Vijana wameapa. Wakishamzika mwalimu, wanaingia kwenye kibanja changu na mapanga. Watakata migomba yote, kahawa yote, na nyumba wachome. Baba yangu amezikwa pale. Babu amezikwa pale."

"Kwa nini wasubiri mazishi?"

Rugambwa alimshangaa. Mwijage, aliyekuwa mlangoni, akajibu badala yake. "Mila, afande. Kijijini kukiwa na maiti haijazikwa, hakuna anayelima. Jembe haligusi udongo, panga haligusi mgomba. Hata mlevi hathubutu."

Farida alikumbuka njia ya kutoka kilimani: mashamba matupu, majembe yamelazwa barazani, watu wamekaa tu. Alidhani ni mshtuko.

"Mazishi lini?"

"Kesho saa nane mchana."

Mwenyekiti alipigiwa simu, akasema bila kuzunguka: "Hadi mazishi nitawazuia. Baada ya hapo, afande, mimi ni mzee mmoja na wao ni vijana arobaini. Niletee mtu mwingine, au uthibitishe ni huyu umfungulie kesi, labda watatulia."

Mkuu wake naye alitaka Rugambwa apelekwe mahakamani haraka, faili lifungwe. Farida alikataa. Jamani, mtu mlevi mwenye hasira huua kwa kitu kilicho karibu, kisha hukimbia. Hakai gizani akachambua mkoba wa marehemu, akaacha simu na kuchukua karatasi.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Mzee Kahigi. Mzee alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mnyoofu, kanzu yake safi. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi ukuta kwa ukuta. Alimpa Farida kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kwa mikono miwili, kama mgeni wa heshima.

"Alikuwa kama binti yangu," alisema. "Ameniumiza sana, huyo Rugambwa."

"Mwalimu alikuja kwako jana?"

"Hapana, waitu. Sikumwona tangu Jumapili."

"Alikuwa na karatasi. Unajua zilihusu nini?"

"Sijui. Mimi ni mtu wa hadithi, si wa karatasi." Alinyoosha kidole ukutani, palipotundikwa nyundo fupi nene ya kale. "Ile ni ya babu mhunzi. Mgeni akija Nguzoni naibeba, nagonga jiwe, nasimulia. Miaka hamsini. Nimewasimulia wanafunzi, maaskofu, wazungu."

Farida aliitazama nyundo. Ilikuwa inang'aa kwa samli.

"Unaipaka mafuta kila mara?"

"Kitu cha mababu hakiachwi kikauke."

Alitoka na mashaka, lakini mashaka si ushahidi. Nyundo za kale zipo nyumba nyingi, na hakimu hampi mtu hati ya upekuzi kwa sababu ya samli. Ndani ya gari Mwijage alinuna njia nzima. Yule mzee ndiye aliyesimamia ndoa ya wazazi wake.

Ijumaa ilianza kwa mvua. Farida alirudi Kishanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasimama kwenye njia panda, akamuuliza kila mpita njia swali lilelile: juzi jioni na jana asubuhi, ulikuwa wapi na ulimwona nani? Wengi walitikisa vichwa. Wengine walitazama upande wa kilima kwanza, ndipo wakajibu. Mvua ilizidi, na huko juu, haki ya Mungu, kulisikika kitu kinaguna. Farida alijiambia ni upepo kwenye mawe. Alijiambia mara mbili.

Saa tatu na nusu ndipo alipomfikia Onesphory, kibarua kutoka Ngara, amejikunyata kwenye kibanda cha duka na jembe lake miguuni.

"Mimi sikuona kitu, afande. Jana nilipita hapa mapema, naenda kulima, nikarudi."

"Mapema saa ngapi?"

"Kama saa hizi ulizokuja wewe. Kumi na mbili na nusu."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Palepale. Sikulima. Mzee alinirudisha mlangoni."

"Mzee gani?"

"Mzee Kahigi. Nalima kwake wiki hii yote. Akaniambia, 'Rudi kijana, leo hakuna jembe, kuna msiba.' Siku ya pili leo nimekaa tu."

Farida alimgeukia Mwijage. Sajenti alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika kwa utulivu.

"Sajenti, umesikia?"

"Nimesikia, afande. Ni kawaida. Kuna msiba, hakuna jembe."

"Msiba upi?"

"Wa mwalim..." Kalamu ilisimama. Mwijage aliinua uso. "Mwalimu alikutwa saa tatu."

"Saa tatu," alisema Farida. "Yeye alijua saa kumi na mbili na nusu."

Safari hii hati ya upekuzi haikuwa na ubishi. Ilifika saa sita na robo. Mzee Kahigi aliwapokea akiwa amevaa suti nyeusi ya mazishi.

"Mzee, jana asubuhi ulimrudisha kibarua wako. Kwa nini?"

"Kulikuwa na msiba."

"Wa nani?"

"Nilisikia kuna mtu amefariki Rubafu."

"Rubafu ni mbali, kule Bukoba Vijijini. Sajenti, mtu akifa Rubafu, Kishanda wanaacha jembe?"

"Hapana, afande. Ni kwa maiti ya hapa kijijini tu."

"Basi nani alikuwa amekufa hapa kijijini, Mzee, saa kumi na mbili na nusu?"

Askari walikuwa tayari wanakunjua nyasi za sakafuni. Chini ya kitanda chake, kati ya nyasi mbichi na udongo, zilitoka karatasi sita zilizorudufiwa, zimekunjwa mara nne. Nyundo ilishushwa ukutani. Juu ilikuwa safi, lakini mpini ulipong'olewa, ndani ya tundu palikuwa na kitu cheusi kilichokauka. Iliwekwa kwenye mfuko wa ushahidi iende Mwanza kwa kipimo cha vinasaba.

"Waitu tata," alisema Mwijage kwa sauti ya chini, kama mtoto kwa baba yake, "sema tu."

Mzee Kahigi akaketi kwenye nyasi zilizovurugwa, na suti yake.

"Ningefanyaje?" alisema. "Yule kibarua amekuja na jembe begani. Mwanamke yuko kule juu, hajazikwa. Nimlimishe? Ningepasua ardhi juu ya maiti? Mkono wangu ulishamuua. Hilo la pili sikuliweza."

Saa saba na dakika hamsini, jeneza likiwa tayari limewekwa kando ya kaburi, Mwijage alisimama mbele ya umati. Aliomba radhi kwa marehemu, kisha akasema kwa Kihaya, bila kupamba, nani amekamatwa na kwa nini. Vijana waliokuwa wamesimama nyuma na mapanga ndani ya makoti walitazamana. Mama yake Rugambwa, aliyekuwa amejificha kwa katekista, alitokea akilia akapita katikati yao hadi kaburini, na wakampisha.

Muleba, katika chumba kilekile cha mahojiano, Mzee Kahigi aliambiwa haki zake. Alisema halazimishwi. Alisema ataeleza.

"Alikuja kwangu jioni. Kwa heshima. Alitaka nisikie kabla ya Jumamosi. Nikachukua nyundo kama kawaida, tukapanda. Pale chini ya Nguzo akatoa karatasi, akasoma."

"Zinasema nini?" aliuliza Farida, ingawa alikwisha kuzisoma.

"Ni daftari la padri mmoja wa zamani, wakati wa Mjerumani. Nguzo si ya kale. Bwana mkubwa aliitaka iwe alama ya kupimia nchi. Watu walishikwa kwa nguvu, wabebe mawe kutoka ziwani, mvua na jua. Aliyeanguka alipigwa. Walikufa kumi na wanane, wakafukiwa palepale kwenye msingi, na mawe yakapandishwa juu yao. Padri aliandika majina yote. La kwanza ni la babu mkuu wa Rugambwa."

"Na babu yako?"

"Hakuwa mhunzi. Alikuwa nyampara. Ndiye aliyeshika kiboko." Alisema hivyo akitazama ukuta. "Ile hadithi ya usiku mmoja aliitunga yeye mwenyewe, uzeeni, ili watu wasahau. Baba aliniambia siku anakufa, akaniapisha. Nyundo ilinunuliwa sokoni Bukoba."

"Kwa hiyo ulijua."

"Miaka hamsini nimejua. Kila mgeni niliyemsimulia, nilijua nimesimama juu ya nani."

"Mwalimu alikutisha?"

"Hapana! Aliniambia, 'Mzee wangu, usiogope. Ya babu yako hakuna atakayekulaumu wewe. Njoo Jumamosi, tuyasome majina pamoja.' Aliongea nami kwa upole, kama unavyoongea na mgonjwa. Kisha akanipa mgongo, akaweka mkono juu ya jiwe, akaanza kuyasoma tena, moja moja."

"Watu wangekusamehe, Mzee."

"Najua wangenisamehe. Ndicho nisichokitaka. Nimeheshimiwa maisha yangu yote, nikianza kuhurumiwa leo nitaishije?" Aliinama. "Na nina wajukuu saba. Wanaringa shuleni, sisi ndio wenye Nguzo. Sikutaka wajue wametoka kwa mtu wa namna gani."

Farida alisogeza karatasi ya maelezo na kidau cha wino mbele yake. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni, na hakuficha hata kimoja.

"Mkubwa wao ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Yuko hapo nje na mama yake, Mzee. Ameuliza mara tatu babu yake amefanya nini. Weka dole gumba hapa, kisha nitoke nikamjibu."