Kikohozi Ndani ya Bande

Niambie wewe, mwenye masikio mawili mazima: ulishasikia mashine ikikohoa kama mutu wa kifua?

Kabeya alisikia. Tena si usiku. Mchana kweupe, saa sita kamili, saa ambayo watu wa Kindu hawapigi mluzi karibu na mto, wakiogopa jini yake. Alikuwa peke yake katika chumba cha ordinateur, kompyuta ya reli, mapazia chini, climatiseur ikinguruma na kupuliza baridi. Kwanza ilikuja harufu: tangawizi mbichi, kama imetafunwa sasa hivi puani mwake. Akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya kabati. Hakuna mutu. Kisha mashine ikavuta bande, ule mkanda wa kumbukumbu, ikazungusha, ikasita, na ndani yake kitu kikakohoa. *Kho. Kho.*

Kioo kikaandika: ERREUR DE LECTURE, yaani haisomeki.

Voilà. Radi ilikuwa imeunguza mashine ya zamani kule gare, stesheni ya treni, na ndani ya mashine hiyo mlikuwa na miaka ya kazi ya cheminots, wafanyakazi wote wa reli. Bila miaka hiyo, mzee aliyefunga mabehewa tangu ujana wake anaonekana kama kazaliwa jana, na hapati hata pensheni. Wakubwa walicheka tu: msijali, copie iko! Kweli ilikuwapo. Kila Jumamosi Kabeya alinakili kila kitu kwenye bande, kwa moyo mweupe kabisa, maana Jumamosi ilikuwa Salongo, kazi ya lazima kwa wote. Wenzake walikwenda kufyeka nyasi za Chama, panga mkononi, wimbo wa Guide, mkuu wa Chama, mdomoni. Yeye alibonyeza kitufe kimoja, akalala kwenye baridi. Hata siku moja hakurudisha bande kuona kama inasomeka. Monsieur le diplômé!

Sasa mashine mpya, katika jengo lingine, ilikataa bande zote. Na citoyen directeur Kankolongo alikuwa ameshasema, akirekebisha kola ya abacost, suti yake ya Chama: "Urudishe yote mbele gouverneur hajafika kukagua. Ao utalala pale Mukuna alilala."

Mukuna alikuwa fundi wa umeme wa gare, mwenye kuhudumia mashine ile na bande zake, mutu wa kifua kibovu, aliyetafuna tangawizi toka asubuhi mpaka jioni. Jumamosi moja Kabeya alivuta meza ili apate pa kujinyoosha, akaangusha lecteur, ile sehemu ya mashine inayoandika na kusoma bande. Haikuvunjika, ila kichwa chake kidogo cha chuma kiliinama. Iliendelea kuandika, lakini kombo. Wakubwa walipouliza nani kaigusa mali ya État, ya serikali, Kabeya alijibu maneno mawili: "Njo Mukuna." Yaani ndiye yeye.

Maneno mawili tu. Wakati ule yalitosha. Saboteur, mharibifu! Wakamchukua. Akafia cachot, mule gerezani, bila dawa ya kifua, na matanga yake yakakaliwa bila maiti. Kabeya alipeleka mchele pale matangani. Akakaa, akala pia.

Basi sasa Kabeya alibadilisha fil, nyaya za mashine mpya. Akasafisha kichwa cha lecteur kwa alcool. Akazima, akawasha, akasoma kitabu cha mashine mpaka macho yakauma. Kila mara bande ilikwama palepale, na kikohozi kikasogea. Kwanza kilikuwa ndani ya mashine, halafu nyuma ya kiti, halafu karibu sana na shingo yake, na climatiseur ikanyamaza bila kuguswa, na pazia likavutwa ndani kama kifua kinachotafuta pumzi, na alipoinamisha macho ili asione chochote akaona juu ya vitufe nyuzinyuzi za tangawizi, zimetafunwa, bado na mate, bado na moto wa kinywa.

Nyumbani mke wake alimnong'oneza: "Florentin." Jina hilo la ubatizo Chama kililikataza, alilitumia akiogopa tu. "Florentin, unanuka tangawizi. Na sisi hatuna tangawizi."

Njo huyo mke aliyemleta Halima, mganga wa Alunguli ng'ambo ya mto, ambaye alivuka Lualaba kwa mtumbwi akinung'unika juu ya mgongo wake. Mlangoni pa chumba Halima alinusa mara moja.

"Hii si jini ya mto, baba. Mto hautafune tangawizi. Nani alikufa juu yako?"

Kabeya akatazama viatu vyake.

"Unyamaze tu. Yeye hatanyamaza. Mutu anazaliwa na jini yake. Akikufa kifo chake, jini inakwenda zake. Akikufa juu ya uongo, inabakia bila nyumba, inaingia pale mukono wa mwenyewe uligusa mwisho."

"Nichinje mbuzi, mama?"

"Mbuzi alikukosea nini? Kile ulipinda, ukipinde tena. Na ukipinda, sema. Mbele ya watu."

Hapo Kabeya alielewa pande zote mbili, wa mashine na wa uongo wake. Bande ziliandikwa na kichwa kilichoinama. Kichwa kilichonyooka hakiwezi kuzisoma. Ili mashine mpya isome, ainamishe kichwa chake kama kile cha zamani kilivyoinama. Na nani alijua kiliinama vipi? Yule aliyekiangusha.

Aliita watu: cheminots, directeur, na Mwadi, mjane wa Mukuna, aliyesimama kando na kitambaa cheusi. Kabeya akashika tournevis, bisibisi ndogo.

"Siku ya Salongo nililala kule gare, kwa mashine ya zamani," akasema, akageuza skrubu kidogo. *Kho. Kho.*

"Sema nguvu!" akapaza mzee mmoja. "Tuko viziwi wa treni!"

"Lecteur ilianguka. Njo mimi niliangusha." Akageuza tena. Kikohozi kikapungua.

"Nilisema njo Mukuna. Nilidanganya. Mama Mwadi, mimi njo nilimuua."

Bande ikateleza. Majina yakapanda kwenye kioo, moja baada ya moja, na miaka yao, na wazee wakaanza kulia kama watoto. Mwadi hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo:

"Mwili wake uko wapi?"

Kabeya hakujua. Watu wote wakamgeukia directeur, aliyesaini Mukuna akamatwe.

"Bon," akasema Kankolongo. "Miaka tumeipata. Mambo ya Mukuna, dossier imefungwa. Yeye njo saboteur, kwisha. Kila mutu kwa kazi yake!"

Mashine ilikuwa kimya. Harufu imetoka kabisa. Halima akashika khanga yake aondoke, halafu akasimama, maana directeur alikuwa ameweka mkono kifuani.

*Kho,* akakohoa Kankolongo. *Kho. Kho.* Akatoa leso, akatema. Kwenye leso nyeupe, nyuzinyuzi za tangawizi.

"Imepata nyumba ingine," akasema Halima, taratibu. "Na hii hainihusu miye."

Tangu siku ile ukipita mbele ya bureau zao utasikia: kwa directeur, kwa commissaire, kwa wakubwa wa Chama wenye leso mdomoni, wakisingizia vumbi. Si vumbi, citoyens! Kabeya alisema yake mbele ya watu, na aliingia cachot ileile kwa miguu yake. Imebakia zamu yenu. Nyinyi mliosaini, nyinyi mliofunga ule mlango, nyinyi mliobeba mnachojua mlikibeba: mwonyesheni Mwadi pale mlipomfukia mume wake. Leo. Kabla kikohozi hakijafika kwa watoto wenu.