Kichupa cha Maji Matupu

Maji hayana ukoo. Ndiyo maana kila kundi la vipimo vya DNA huwekewa kichupa kimoja cha maji matupu: sampuli zenye bakteria zikiwaka kwenye kompyuta, maji hukaa kimya. Asubuhi ile maji ndiyo yaliyotangulia kuwaka.

Mpimaji alisonya. Mdogo wake, fundi rangi, alikuwa wodini na mguu uliovimba kama mtungi, tangu alipokanyaga msumari kwenye nyumba iliyohamwa zamani. Dawa zote ziligonga mwamba. Daktari alishakata shauri: bakteria asipojulikana leo, kesho mguu unakatwa. Na fundi rangi wa mguu mmoja atapanda ngazi gani?

DNA ya usaha ilikuwa imeshalinganishwa na ya kila bakteria anayejulikana. Jibu lilikuwa lile lile: hafanani na yeyote.

"Na maji nayo yamewaka?" aliuliza mkuu wa maabara, mama mkali waliyemwita Pilipili. "Mwenzangu, umefungulia wapi kile kichupa cha DNA ya usaha iliyozidishwa?"

Mpimaji aliinamisha kichwa. Kazi yao ina mwiko mmoja. Mashine hufanya DNA moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mpaka ziwe mamilioni, na kichupa cha DNA iliyokwisha kuzidishwa hakirudi chumba safi, vinakoandaliwa vipimo, kwa maana tone lake likiruka hewani litaingia kila mahali. Yeye alikuwa amerudi nacho chumba safi akakifungua pale pale, ili arudie kipimo upesi. Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa chekechea anajua.

"Ni kwa ajili ya mdogo wangu," alisema.

"Najua. Tukasafishe."

Chumba safi kilinuka utambi uliozimwa sasa hivi. Humo hamna taa ya utambi wala kiberiti.

"Unasikia?" Pilipili alinong'ona.

Ndani ya jokofu kitu kilikuwa kikikwaruza. Mpimaji alifungua mlango, akaona vifuniko vya vichupa vikifunguka vyenyewe, tak, tak, safu kwa safu, mpaka vile vipya ambavyo havijawahi kuguswa na mtu, na kutoka katika kila kimoja ikatoka pumzi, ndogo, ya moto, ikampanda vidoleni juu ya glavu, mikononi, shingoni, ikamwingia masikioni na kusema, kwa sauti nyingi zilizopangana kama wanafunzi wanaokariri, "Mguu ulitubana. Ahsante kwa kutupa nafasi."

Pilipili alikimbia mpaka viatu vikamtoka. Mpimaji naye hakubaki nyuma, na hofu yake aliibeba mpaka wodini.

Huko shangazi yao alikuwa ameshamleta mtabibu, mzee mkimya mwenye mikono mikubwa. "Hospitali imeshindwa," shangazi alisema, "acha na huyu ajaribu."

Mtabibu alishika goti la mgonjwa, akasoma dua kwa sauti ya chini. Kijana alipiga ukelele mmoja. Ile harufu ya utambi ilijaa, ikapungua, na uvimbe ukashuka wakiutazama, mpaka kifundo cha mguu kikaonekana tena.

"Ametoka," alisema mtabibu, akijifuta jasho.

Mpimaji aliangua kilio cha furaha, akamkimbilia mdogo wake kumkumbatia. Mtabibu akamzuia kwa mkono.

"Baki hapo hapo, mwanangu."

"Huyu ni dada yake!" shangazi alifoka.

"Namwona. Mmoja nimemtoa, namshukuru Mungu. Lakini hao wote waliosimama mgongoni kwake, hata mlango hauonekani, siwawezi. Nani amewazidisha hivyo?"

 Shangazi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Fundi rangi alifumbua macho. Akamtazama dada yake, akatazama juu ya mabega yake, na ule mguu uliopona akaukunja upesi chini ya shuka.

"Dada," alisema, "tafadhali, usinikaribie."