Kitambaa Kilichoziba Hewa

Jua lilikuwa linazama pale gari la viti saba lilipoingia gereji. Fundi wa viyoyozi alikuwa ameshavua mguu mmoja wa suruali ya kazi. Akaguna. Mteja wa saa ya kufunga ni sawa na mgeni wa saa ya kula: humfukuzi, ila moyoni unamsema.

"Kaka, samahani sana," alisema mama aliyeshuka. "AC ya mbele haina shida. Nyuma ndiyo inapumua kama mgonjwa. Na anayekaa nyuma ni huyu."

Huyu alikuwa binti wa umri wa chekechea, jasho limemlowesha hadi kwenye kola.

"Joto likimzidi anashikwa na degedege," mama aliendelea. "Kesho nampeleka kwa daktari wake, na ni mbali. Nisaidie, kaka yangu."

Fundi akauvaa tena ule mguu. Nyumbani alikuwa na kitinda mimba wa rika hilo hilo, na degedege alishawahi kuliona kwa jirani. Hakutaka kuliona tena maishani mwake.

Akaanza kama alivyozoea. Alichana karatasi laini, akabandika kipande kwenye kila tundu la hewa, akawasha kiyoyozi. Karatasi za mbele zikapepea. Za nyuma zikatikisika kidogo, zikalala. Akapima gesi, ikatosha. Akasikiliza feni ya nyuma, ilikuwa inazunguka vizuri tu. Basi ni njia ya hewa imeziba, alijiambia. Panya, au soksi ya mtoto.

Ndipo karatasi ya kiti cha mwisho, upande wa dirishani, ikavutwa ndani. Ikabanwa kwenye tundu. Ikaachiwa... ikavutwa tena.

Kama kuna mtu anavuta pumzi.

"Upepo huo unarudi nyuma," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza. Hakuwahi kuona upepo wa namna hiyo tangu aanze kazi. Lakini fundi gani atakiri mbele ya mteja?

Akabandua ganda la plastiki la ubavuni, akapenyeza mkono kwenye mfereji wa hewa. Harufu ikamjia puani: dawa ya kuchua, ile ya wazee wenye magoti mabovu. Vidole vikagusa kitu laini. Akavuta. Kikagoma. Akavuta kwa nguvu, kikaja chote kwa mkupuo, utadhani kulikuwa na mtu ameshika upande wa pili akaachia.

Kilikuwa kitambaa cha kichwa. Cheupe, pindo lake limeshonwa kwa mkono kwa uzi wa kijani. Kilikuwa baridi, tena kikavu.

Hapo akafanya kosa ambalo fundi yeyote angelifanya. Gereji haina kitambaa cha mtu. Kitambaa kikishaokotwa ni tambara, basi. Akafutia mikono yake yenye mafuta, akakitupa kwenye pipa ambamo matambara huchomwa kila jioni. Pipa lilikuwa tayari linawaka.

Hewa ikafumka nyuma kwa kishindo. Karatasi zote zikapepea kwa fujo.

"Umeona?" Fundi alichekelea. "Ugonjwa wote ulikuwa kitambaa cha kichwa. Cheupe, kina pindo la kijani."

Mama akashika mlango wa gari asianguke.

"Kiko wapi?"

Fundi akaonyesha pipa kwa kidevu.

"Cha mama mkwe," mama alinong'ona. "Alikuwa mshonaji. Tulikuwa tunampeleka hospitali, amekaa hapo nyuma. Njia nzima anasema, 'Zimeni, wanangu, nasikia baridi.' Nikazima. Mtoto akaanza kukakamaa. Nikawasha... Ningefanya nini, kaka? Tulipofika, alikuwa ameshatutoka. Kitambaa hicho nilimfunga kwa mikono yangu hii. Kaburini alishuka nacho."

Fundi alitaka kucheka. Akaligeukia pipa.

"Mama..."

Sauti ilitoka ndani ya gari. Binti alikuwa amepanda bila wao kumwona, amekaa kiti cha mwisho.

"Bibi anauliza kitambaa chake."

"Shuka, mwanangu. Shuka sasa hivi!"

"Siwezi. Amenikumbatia." Meno ya mtoto yalikuwa yanagongana. "Anasema basi, joto langu linamtosha."

Fundi akazima kiyoyozi. Akazima injini. Akachomoa ufunguo.

Karatasi ziliendelea kupepea.

Mama alimvuta mtoto kwa nguvu zake zote, na mtoto hakusogea hata kidogo. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Fundi aliogopa. Lakini alipoutazama ule uso mdogo alimwona kitinda mimba wake. Akavua koti lake la kazi, lile lililokatika kifungo cha juu, akaliweka kwenye kiti kitupu kando ya mtoto.

"Mama," alinong'ona kwa adabu akikielekea kiti hicho, kama anasema na mzazi wake. "Pokea hili langu. Umwachie mtoto."

Karatasi zikalala, moja baada ya nyingine. Binti akamwangukia mama yake, akaangua kilio. Jasho likaanza kumtoka upya, na wale watu wazima wawili wakalifurahia.

Wakaondoka, mtoto amefungwa mkanda kiti cha kati. Koti hakuna aliyethubutu kuligusa.

Fundi alirudi nyumbani hatulii. Mara ageuke nyuma, mara ajipapase mifuko, mara asimame bila sababu. Alipofika mlangoni simu ikaita.

"Kaka, tumefika salama. Mtoto mzima, anakula. Ila... koti lako ulilichukua?"

"Hapana. Si liko pale kitini?"

"Halipo. Nimepekua gari lote."

Mkewe alikuwa anapakua chakula, uso unang'aa kwa jasho. Madirisha yote yalikuwa wazi na bado nyumba ilikuwa tanuri.

"Polepole na mlango," alisema. "Mwanao kalala mapema leo. Eti anasikia baridi. Na joto lote hili!"

Fundi akasukuma mlango wa chumbani. Dawa ya kuchua ikampokea.

Kitinda mimba alikuwa amejikunyata ukingoni mwa kitanda, macho wazi, ndani ya koti la kazi la baba yake. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa hadi shingoni. Na kile cha juu, kilichokatika siku nyingi, kilikuwa kimeshonwa.

Kwa uzi wa kijani.

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi. Upande wa pili wa kitanda, mto ulikuwa umebonyea.

"Mwanangu," alinong'ona, "nani kakuvalisha?"

Mtoto akaweka kidole juu ya midomo.

"Usimwamshe, baba. Ndiyo kwanza amepata joto."