Sukari ya Namba Saba

Jumamosi hiyo soko kuu la mji wa Piracicaba lilikuwa limefurika, na Anselmo Bortoleto alisimama kwenye foleni ya nyama akiwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba mkia wa ng'ombe utaisha kabla hajafikiwa. Mbele yake palikuwa na mwanamke aliyevaa gauni la kijani, nywele kazibana utosini kwa kalamu. Mwenye bucha akamkabidhi mfuko mzito. Hata hatua tatu hakufikisha, mfuko ukapasuka, na meno yakamwagika sakafuni, marefu, meupe, yakatawanyika chini ya viatu vya watu.

Watu wakarudi nyuma. Anselmo akainama.

"Meno ya nani haya?"

"Ya ng'ombe."

"Hilo naliona, bibie. Nauliza mwenyewe nani."

"Mimi. Yapo thelathini na mawili. Ukiyapata yote, nakununulia maji ya miwa."

Aliyapata thelathini na moja. La mwisho aliliona yule mwanamke mwenyewe, limejibanza kwenye kandambili ya bibi mmoja ambaye hakuwa na habari.

"Umeshindwa," alimwambia Anselmo.

"Basi miwa nitalipa mimi. Ila niambie kwanza, unapika nini na meno?"

Hakuwa mpishi. Aliitwa Jussara, mtafiti wa meno chuoni, na yale meno yangekatwa vipande vidogo kuliko punje ya mchele kwa ajili ya utafiti wake. Anselmo alikuwa fundi wa kuchonga vyuma kwenye karakana ya mashine za kukamulia miwa.

"Kumbe wewe unatengeneza sukari, mimi nahangaika na uharibifu wake," Jussara alisema huku akinywa.

"Basi bila mimi huna kazi. Nishukuru."

Alicheka, na Anselmo akasahau kabisa kwamba alikuja kununua nyama.

Miezi minane ilipita wakiwa pamoja. Walikuwa watu wazima, Anselmo thelathini na tisa, Jussara thelathini na nne, na kila mmoja alikuwa ameshaachwa mara moja. Anselmo kovu lake lilikuwa halijakauka. Mke wake wa kwanza aliondoka na mtu ambaye kwa mwaka mzima aliitwa "mwenzangu wa kazini". Tangu hapo, simu ya mwanamke ikilia, sikio la Anselmo lilisimama lenyewe kama la mbwa mlinzi.

Kisha utafiti wa Jussara ukaanza. Alitaka kujua kama gundi nyekundu ambayo nyuki huzibia mzinga inaweza kuchelewesha kuoza kwa meno. Watu kumi na wawili walijitolea kuvaa kaakaani kibamba cha plastiki chenye vile vipande vya meno, kwa siku kumi na nne. Mara nane kwa siku walidondoshea vipande hivyo maji ya sukari, ili ukoga uote juu yake kama unavyoota kinywani mwa mtu asiyepiga mswaki. Watu kumi na mmoja Jussara aliwakumbusha kwa ujumbe wa simu. Mmoja alimpigia.

"Namba saba, habari za asubuhi. Umeshaweka sukari?" Sauti yake ilikuwa laini. "Vizuri. Hapana, usiogope, ikikukwaruza njoo nikuangalie. Haya, tutaongea saa nne."

Saa nne wakaongea. Saa sita pia. Anselmo akaanza kuhesabu, na mtu akishaanza kuhesabu simu za mpenzi wake, usingizi umeshamuaga.

Jumanne mchana alimpelekea chakula kliniki ya chuoni, pamonha mbili za moto, mikate ya mahindi mabichi iliyofungwa ndani ya majani yake. Kupitia kioo cha mlango akamwona Jussara katika koti jeupe, amemshika kidevu mwanamume mrefu mwenye suruali nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya ngozi mkononi. Mwanamume alisema neno. Jussara akacheka, kile kicheko cha sokoni.

Anselmo hakuingia. Alikula pamonha zote mbili amesimama kando ya pikipiki yake, na hakujua kama zilikuwa za chumvi au za sukari.

Jioni aliuliza, akijifanya anapanga vikombe.

"Namba saba ni nani?"

"Ni namba saba."

"Hana jina?"

"Analo, ila silitaji, mpenzi. Nimetia sahihi kwamba sitalitaja."

"Wenzake unawaandikia. Yeye kwa nini umpigie?"

Jussara akanyamaza, akanyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. "Ana sababu yake. Si mali yangu niigawe."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako. Ingekuwa siri yako, ningemwambia mtu?"

Jibu lilikuwa zuri, lakini Anselmo hakulisikia. Alichosikia ni ule ukimya.

Jumapili ilikuwa siku ya kumi na moja ya utafiti. Jussara alikuwa nyumbani kwa Anselmo, anaoga, anaimba. Simu yake ikalia mezani. Kwenye kioo palikuwa na neno moja, Saba. Anselmo akaipokea.

"Daktari, leo umechelewa, nikaona nipige mwenyewe," sauti ya kiume ilisema, kwa lafudhi ya watu wa kaskazini. "Sukari nimeshaweka."

"Daktari wako anaoga."

"Nani mwenzangu?" sauti iliuliza.

"Huyu mwanamke ana mtu wake," Anselmo akajibu. "Na huyo mtu ni mimi. Sukari yako katafute kwingine."

Akakata, akaifuta ile simu kwenye orodha, akairudisha mezani vilevile ilivyokuwa. Jussara alipotoka na taulo kichwani akamuuliza mbona amepauka. Alisema ni njaa.

Kesho yake mchana simu ya Jussara ikamkuta kwenye mashine.

"Anselmo, jana ulipokea simu yangu?"

Angeweza kukana. "Nilipokea," alisema.

"Ulimwambia nini?"

Akamwambia, neno kwa neno, na kila neno aliliona dogo na chafu.

"Amekuja asubuhi na kibamba kimefungwa kwenye karatasi, kikavu," Jussara alisema. Hakupaza sauti. "Amesema hataki kuvunja nyumba ya mtu. Ule ukoga ulikuwa hai, Anselmo. Siku kumi na moja umelelewa. Umekaa nje tangu jana, umekufa."

"Mrudishe."

"Siwezi. Mtu wa kujitolea akisema basi, ni basi, hata kumsihi siruhusiwi. Novemba nilikuwa nitetee utafiti wangu mbele ya wakubwa wa chuo. Sasa nitatetea nini?"

"Jussara, niliona umemshika kidevu. Ulicheka."

"Ninashika videvu tangu nina miaka ishirini na mbili. Ungeingia, ukauliza." Akavuta pumzi. "Usinipigie. Nikikutaka nitakutafuta mwenyewe."

Wivu una kumbukumbu kuliko mapenzi. Ile namba, japo aliiona kwa kitambo tu alipokuwa akiifuta simu kwenye orodha, Anselmo alikuwa ameikariri. Aliiandikia ujumbe wa kuomba radhi. Haukujibiwa. Akaandika wa pili, na wa tatu. Alhamisi akapiga.

"Ni mimi, mwenye maneno mabaya ya Jumapili."

"Nimekutambua," ile sauti ilijibu. "Nafanya kazi kwenye kitalu cha miti cha manispaa. Ukitaka kusema, njoo useme uso kwa uso."

Alikwenda. Mwanamume aliitwa Genivaldo, na bila ile suruali nyeupe ya kliniki alikuwa mtu wa magoti yenye udongo, anahamisha miche. Mzuri alikuwa, hilo Anselmo alilikubali kwa uchungu. Meno yake yote yalikuwepo, yamepangika kama mahindi.

"Nilikukosea," Anselmo alisema. "Niliwaona kliniki mkicheka, nikafikiri mabaya. Sikuja kukuomba urudi. Nilikutumia jumbe tatu za kukwambia hivyo."

"Niliziona. Zilikuwa zinawaka tu." Genivaldo alisimama, akajipangusa mikono. "Mimi sisomi, ndugu yangu. Kwetu Alagoas nilianza kukata miwa nina miaka minane. Hapa mjini anayejua ni daktari peke yake. Fomu yenyewe ya kujitolea alinisomea mstari kwa mstari, na shahidi pembeni. Ndiyo maana alikuwa ananipigia. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hata ulipomkasirikia?"

"Hata hapo."

Genivaldo akamtazama kwa muda, kama anayepima mche kama utashika.

"Siku ile uliyotuona, nilimwambia kibamba kinanifanya niongee kama bibi yangu. Ndicho kilichomchekesha." Akainama tena kwenye miche. "Una mwanamke wa kweli wewe. Nenda zako. Nitampigia mwenyewe, si kwa ajili yako."

Alimpigia. Kamati ya chuo ikaruhusu Genivaldo arudie baada ya kupumzika, siku kumi na nne mpya, meno mapya. Siku ya Jussara ya kutetea ikatoka Novemba, ikahamia Machi. Siku zote hizo Anselmo hakumtafuta Jussara. Lakini saa za sukari alizijua. Saa mbili, saa nne, saa sita, alizima mashine, akasimama na miwani ya kazi usoni, akijua kwamba mahali fulani ile sauti laini inamuuliza mtu mwingine hali yake. Wivu ulimuuma kila mara. Kila mara aliuacha umuume, akawasha mashine.

Jumapili moja ya mwezi uliofuata Jussara akapiga, akamwita kwenye mgahawa wa mtaa wa Rua do Porto kwa chakula cha mchana. Alimkuta mezani karibu na mto, amevaa gauni jeupe lenye vifungo vya manjano, samaki ameshaagizwa.

"Namba saba amemaliza," alisema. "Amenisimulia pia ulivyokwenda kumwomba radhi."

"Samahani, Jussara. Sina kingine."

"Wivu umekwisha?"

"Haujaisha. Hata huyu mhudumu amekutabasamia sana."

Jussara akajizuia kucheka, akashindwa. "Mimi hung'oa meno tu, wivu siwezi. Utanitajia unapokuuma, badala ya kuiba simu zangu?"

"Nitakutajia. Utachoka."

"Nitakwambia nikichoka."

Wakala kidogo. Mto ulikuwa umejaa na ulipiga kelele, ikabidi Anselmo asogee karibu.

"Nioe," alisema.

"Mwanamume ndiye huoa, Anselmo."

"Nilitaka kukuoa mimi. Pete niliitazama dukani mwezi wa saba. Ila kwa niliyoyafanya, sioni kama nina haki ya kuomba hivyo. Nioe wewe, ukinitaka."

Jussara akaweka uma chini. Alimtazama usoni, kwenye mikono yenye makovu ya chuma, kisha akamsogezea kipande cha samaki alichokuwa amekitoa miiba.

"Machi nikishatetea," alisema, "nitakuja kwenu kukuposa. Mwambie mama yako ajiandae kunikatalia mara ya kwanza."